Choo cha shule kikae wapi? Maswali tunayoulizwa sana kuhusu kupanga vyoo kwenye majengo ya shule

Haya ni maswali ambayo walimu wakuu, wenyeviti wa kamati za shule, mafundi na wazazi wanatuuliza kila hela ya ujenzi ikiingia. Mengi ni ya Tanzania, bara na visiwani, machache ya Kenya, kwahiyo majibu nayo yameegemea huko. Tumejibu kama tunavyoongea saiti.

Kwani si popote penye nafasi? Choo ni choo tu.

Hapo ndo shida inapoanzia. Shule nyingi ramani inaanza na madarasa, halafu ofisi, halafu nyumba ya mwalimu, halafu uwanja wa mpira, mwisho kabisa mtu anakumbuka choo na choo kinapewa kona iliyobaki. Na kona iliyobaki imebaki kwa sababu, ni bondeni maji yanakosimama masika yote, au ni nyuma kabisa kwenye vichaka ambako hata mlinzi hapendi kwenda. Choo kinajengwa kizuri, kinapakwa rangi, kinazinduliwa, halafu baada ya muda mfupi nyuma ya darasa la nne kunanuka mkojo kuliko chooni kwenyewe, kwa sababu mtoto mwenye haja ana dakika chache na hawezi kwenda kule na kurudi. Wasichana wao wanafanya kitu kibaya zaidi, hawanywi maji toka asubuhi ili wasibanwe.

Kwahiyo sehemu ya choo ichaguliwe siku ileile mnayopima madarasa. Ramani za TAMISEMI, yani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, zinakuonesha choo chenyewe kikoje, milango, matundu, paa, lakini karatasi haijui upepo wa kwenu unatoka wapi wala kisima chenu kiko upande gani, hiyo kazi ni yenu.

Kiwe umbali gani kutoka madarasani?

Miongozo ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya 2009 kuhusu maji na usafi kwenye shule za kipato cha chini inasema kisizidi mita 30 kutoka kwa watumiaji wote. Wote maana yake pamoja na darasa la mwisho kule pembeni, sio kupima kutoka ofisi ya mwalimu mkuu. Mita 30 ni kama hatua 40 za mtu mzima, sio mbali kabisa, na wazee wengi kwenye kamati wakisikia hivyo wanashtuka kwa sababu wamezoea kwamba choo kinasukumwa mbali kwa ajili ya harufu.

Ukweli ni kwamba harufu ni ugonjwa wa choo chenyewe, umbali hautibu. Kama choo kinanuka mpaka darasani basi bomba la hewa ni bovu au fupi, au mfuniko umepasuka, au hakioshwi. Kwa choo cha shimo sisi tunapenda kiwe kati ya mita 10 na 30 kutoka darasani, kisigusane na dirisha la mtu, na jiko la shule likae mbali zaidi kwa sababu ya nzi. Kwa choo cha maji chenye mfuniko wa maji kwenye sinki, yani maji yanayobaki kwenye kona ya bomba kuzuia harufu, unaweza kukiweka hata ndani ya jengo, tutafika huko.

Shule ikiwa kubwa mita 30 haziwezekani kwa jengo moja la choo, ndo maana tunasema gawanyeni. Majengo mawili matatu madogo yaliyosambaa ni bora kuliko jengo moja refu la matundu 20 pembeni ya uwanja. Fundi atawaambia moja refu ni rahisi zaidi, na kweli ni rahisi kidogo, lakini tofauti ni ukuta wa ziada na bati chache tu.

Upepo unahusika vipi?

Sana. Choo kikae upande ambao upepo ukishapita chooni hauendi darasani. Shida ya pwani ni kwamba upepo unageuka: Kusi inavuma kutoka kusini mashariki kuanzia kama Aprili mpaka Septemba au Oktoba, Kaskazi inakuja kutoka kaskazini mashariki Desemba mpaka Machi. Ukiweka choo kusini mashariki mwa madarasa utasikia Kusi nzima, ukiweka kaskazini mashariki utasikia Kaskazi. Kwa hiyo kuanzia Tanga, Bagamoyo, Unguja, Pemba mpaka Mtwara, upande wa magharibi ndo salama misimu yote miwili. Dodoma na Singida upepo mwingi unatoka mashariki, jibu linaishia kuwa lilelile. Sehemu za milimani usituamini sisi, muulize mama anayepika uji wa shule moshi wake unaelekea wapi asubuhi na mchana, miezi tofauti, huyo anajua kuliko ramani.

Kuna la pili watu wanalisahau. Choo cha shimo chenye bomba la hewa, kile kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, kinafanya kazi kwa upepo. Upepo ukipita juu ya mdomo wa bomba unavuta hewa ya shimoni ipande juu, na hewa safi inaingia kwa mlangoni kushuka kwenye tundu, ndo maana ndani hakinuki. Nzi waliomo shimoni wanafuata mwanga wa juu ya bomba wanakuta wavu wanafia hapo. Sasa ukikiweka chini ya mwembe mkubwa au nyuma ya jengo refu upepo haufiki kwenye bomba, umeua choo siku ya kwanza. Weka sehemu ya wazi, bomba lipite juu ya paa angalau nusu mita, mlango uelekee upepo unakotoka, na wavu usiwe wa kutu. Tumeona bomba limeishia chini ya bati, yani ndani ya paa! Hilo ni pambo tu.

Kisima kipo ndani ya eneo la shule. Tufanyeje?

Kwanza kisima, halafu choo. Kipimo kinachotumika sana ni choo na shimo la maji machafu kukaa angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Pia choo kikae chini ya kisima kwenye mteremko, sio juu yake. Maji ya ardhini kawaida yanafuata mteremko wa ardhi, sio kila mara, ila kawaida.

Mita 30 ni za udongo wa kawaida wenye kuchuja. Kwenye mawe ya matumbawe, yani sehemu kubwa ya Unguja kusini, Makunduchi huko, na mwambao wa Tanga na Kilwa, maji yanakimbia kwenye nyufa kama bomba, hayachujwi na chochote. Hapo mita 30 hazitoshi na shimo wazi halifai, jengeni tanki lililosakafiwa lisilovuja. Na kipimo cha maji ya ardhini kifanyike mwisho wa masika, sio Septemba. Shimo linalochimbwa kiangazi ni kavu kabisa, kila mtu anafurahi, masika yakija linajaa maji na kinyesi kinaelea usawa wa tundu. Dar sehemu za mabondeni hili lipo kila mwaka na kipindupindu cha 2015 kilituonesha visima vifupi na vyoo vya mashimo vikikaa jirani vinaleta nini.

Matundu mangapi? Kila mtu anatupa namba yake.

Tanzania namba ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Kenya inayotumika sana ni wasichana 25 na wavulana 30. WHO wanasema wasichana 25 kwa choo kimoja, na wavulana 50 kwa choo kimoja pamoja na sehemu moja ya kukojolea, au ukuta wa kukojolea wa sentimita 50.

Tuseme shule ina wasichana 430 na wavulana 410. Wasichana 430 gawa kwa 20 ni 21.5, kwahiyo matundu 22. Wavulana 410 gawa kwa 25 ni 16.4, matundu 17. Ukizungusha kwenda chini umeshawaonea, zungusha kwenda juu. Halafu msihesabu wanafunzi wa leo, hesabuni wa miaka mitano ijayo. Elimu bila ada ilipoanza 2016 shule zilijaa ghafla na matundu yakabaki yaleyale, wengi mpaka leo wanalipa lile deni.

Namba za uwiano zinaonekana za kiserikali tu mpaka uzigeuze kuwa foleni. Mapumziko ya dakika 20, msichana mmoja anatumia kama dakika 2 kuingia, kujisitiri, kumwaga maji na kutoka. Tundu moja linahudumia watu 10 kwenye mapumziko, basi. Kama tundu lina wasichana 20 nusu yao wanapata nafasi, na kwa kuwa sio wote wanabanwa saa ileile inatosha. Kama tundu lina wasichana 80, kengele inalia 70 hawajaingia. Hao ndo wanaoomba ruhusa katikati ya kipindi na mwalimu anawaona wakorofi.

Ukuta wa kukojolea kwa wavulana ni kitu rahisi na unapunguza foleni vibaya mno, usiuache. Uwe na mfereji wenye mteremko na shimo lake la kokoto, sio kuelekeza kwenye shimo la kinyesi, utalijaza maji bure.

Wasichana na wavulana wanaweza kutumia jengo moja lenye ukuta katikati?

Kwa karatasi inapita, na kwa hela kidogo tunaelewa kwanini mnauliza. Lakini sisi tunakataa kama kuna namna nyingine yoyote. Ukuta wa katikati mara nyingi haufiki kwenye bati, unaacha uwazi wa hewa, na sauti zinapita na vichwa vinapita, wavulana wa la sita unawajua. Halafu hata ukuta ukifika juu, njia ni moja na foleni ni moja. Binti wa miaka 13 aliyeshika pedi kwenye mfuko wa sweta hataki kupita katikati ya kundi la wavulana wanaosubiri, atarudi nyumbani, na kesho hatakuja, na keshokutwa.

Jengo la wasichana liwe na njia yake, upande mwingine wa shule. Mlango mkuu usitazame uwanja wa mpira wala barabara ya bodaboda. Mbele ya milango pawe na ukuta wa kukinga, urefu wa kuzidi kichwa cha mtu mzima. Ila sasa hapa kuna mtego: ukificha sana, umetengeneza sehemu ya kujificha na watu wabaya pia. Tunachoshauri ni njia ya kwenda chooni ionekane kutoka ofisi ya walimu au darasani, milango yenyewe isionekane. Simama kwenye dirisha la ofisi, ukiona mtoto anatembea mpaka anaingia nyuma ya ukuta wa kukinga, umepata.

Ndani ya jengo hilo pawe na chumba cha kujisitiri wakati wa hedhi, chenye maji humohumo ndani, ndoano ya kutundikia nguo, kioo, na chombo cha taka chenye mfuniko. Kichomea taka kikae nyuma ya jengo, upande ambao upepo hauleti moshi darasani, na kama inawezekana taka zidondoke ndani ya kichomea moja kwa moja kwa tundu la ukutani, binti asionekane amebeba kitu mkononi kuvuka uwanja. Tumekuta shule kichomea kipo mbele ya ofisi ya walimu, kizuri, kina chimni, hakijawahi kutumika hata mara moja.

Na waulizeni wasichana wenyewe. Mwalimu wa kike au matroni akae nao bila wanaume, wachore njia wanazopita na wanazoogopa. Kamati zetu nyingi ni wazee, wana busara zao lakini hawajawahi kuwa darasa la saba na hedhi.

Watoto wa awali je? Watumie vyoo vya wakubwa?

Hapana hapana. Mtoto wa miaka 5 anaogopa giza, anaogopa shimo, na kuogopa kwake kuna maana. Afrika Kusini mwaka 2014 mtoto wa miaka 5 alifia kwenye choo cha shimo cha shule yake huko Limpopo baada ya kutumbukia, kesi ikaenda mahakamani na nchi nzima ikaanza kuhesabu vyoo vya mashimo mashuleni. Kwahiyo tundu la awali liwe dogo, sakafu imara ya zege yenye nondo, hatua fupi, na choo kiwe jirani kabisa na darasa lao, mwalimu akiwa mlangoni anakiona.

Hapa panagongana na kile choo cha bomba la hewa, kwa sababu chenyewe kinataka ndani kuwe na giza giza ili nzi wasitoke kwa tundu. Kwa watoto wadogo tunachagua mwanga. Choo cha kumwagia maji ndo jibu zuri kwao, kama maji yapo.

Tuna mwanafunzi anayetumia kiti mwendo. Tujenge choo chake peke yake?

Jengeni tundu moja ndani ya jengo la wasichana na moja ndani ya jengo la wavulana, sio kibanda chake pembeni kama karantini. Na kabla ya choo angalieni njia: mchanga, ngazi, mfereji wazi, kokoto, chochote kati ya hivyo choo chako hakina kazi. Njia iwe ya zege au udongo ulioshindiliwa. Mteremko wa kupandia uwe 1 kwa 12, maana yake kama sakafu imeinuka sentimita 15 mteremko unahitaji sentimita 180. Mafundi wanapenda kuufupisha unakuwa kama wa kupandishia ng'ombe kwenye lori. Mlango sentimita 90 ufunguke kwa nje, ndani pawe na nafasi ya kugeuza kiti kama mita 1.5, mabomba ya kushikilia ukutani pande zote mbili na kiti cha kukalia.

Chagueni tundu la kwanza kabisa kutoka madarasani, sio la mwisho. Hili ni bure, halina gharama hata senti, ni kuamua tu.

Shule yetu ni ya ghorofa, Dar, hakuna ardhi. Vyoo vikae kila floo?

Ndio, kila floo. Shule za serikali za ghorofa zinaongezeka Dar kwa sababu maeneo yameisha, na kosa linalorudiwa ni vyoo vyote kuwekwa chini uwanjani. Mtoto wa floo ya tatu anashuka ngazi, anapanga foleni, anapanda, kipindi kimekwisha.

Vyoo vikae juu ya vyoo. Yani choo cha floo ya pili kiwe juu kabisa ya cha floo ya kwanza, mabomba yote yashuke kwenye njia moja ya wima. Ukianza kuhamisha hamisha, bomba linapita chini ya sleb ya darasa la mtu, na siku likivuja linavujia kwenye madaftari. Kwa sababu hiyohiyo choo kisikae juu ya jiko, juu ya maktaba, juu ya chumba cha kompyuta, wala juu ya tanki la maji ya kunywa.

Sehemu nzuri ni mwisho wa korido kwenye ukuta wa nje, karibu na ngazi, dirisha la kweli linalofunguka na sio tundu la tofali. Wasichana mwisho mmoja wa korido, wavulana mwisho mwingine. Inaongeza njia moja ya wima ya mabomba, ni gharama, lakini ile ya floo hii wasichana floo ile wavulana msiikubali, nusu ya shule inapanda ngazi kila siku kwa ajili ya kukojoa.

Bomba la kinyesi liwe la inchi 4, na bomba la mlalo lishuke kama 1 kwa 40, yani sentimita 2.5 kila mita. Umbali wa mita 20 mpaka kwenye tanki ni nusu mita ya kushuka, hesabu hiyo ifanywe kabla ya kumwaga msingi, baadae haifanyiki. Kila kona chemba. Sakafu ya choo iwe chini kidogo ya korido maji yasitoke, na iwekewe dawa ya kuzuia maji kabla ya tailizi, tena ipande ukutani kidogo.

Maji je? Umeme ukikatika pampu imekufa, kwahiyo tanki la juu liwe la kutosha siku nzima na zaidi. Choo cha maji kisicho na maji ni kibaya kuliko choo cha shimo, mara mia. Ndo maana hata shule ya ghorofa tunashauri iwe na matundu machache ya akiba chini, ya kumwagia kwa ndoo.

Bweni?

Choo kiwe ndani ya jengo la bweni au kiunganishwe kwa korido yenye paa, taa na grili, ili mtoto asivuke uwanja saa nane usiku. Msifikiri kulala na ndoo ni suluhisho. Ila angalizo, chochote mnachofunga usiku kwa usalama kisizuie mlango wa dharura, moto hausubiri matroni atafute funguo.

Udongo wetu ni shida: mwamba / mbuga / mchanga.

Kwenye mwamba, Mwanza wanajua, usihangaike kulipua. Inua choo juu, shimo lijengwe nusu ardhini nusu juu, na ngazi. Hasara ni kwamba ngazi zinawakata wenye ulemavu, kwahiyo tumieni mteremko wa asili, choo kikae pembeni ya kilima mtu aingie kwa juu usawa wa ardhi na shimo lifunguliwe kwa chini.

Udongo mweusi wa mbuga, Shinyanga, Simiyu, maeneo yale, unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na maji hayazami. Tafuteni sehemu ya udongo mwekundu ndani ya eneo la shule hata kama ni mbali kidogo, hapa ndo tunakubali kuvunja mita 30. Kama hakuna, msingi mzito wenye nondo, na shimo la kuzamia msilitegemee.

Mchanga wa pwani shimo lijengwe kwa tofali mpaka chini, sio mita ya juu tu, la sivyo litabomoka na choo kifuate.

Jaribio la bure kabla hamjaamua: chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji mara ya kwanza yazame, jaza tena uangalie. Maji yakiwa bado yamekaa vilevile baada ya masaa, hapo sio mahali pa kuzamisha maji taka.

Shule yetu ina Waislamu wengi, kuna la kuzingatia?

Ndio, na ni rahisi likiwahi. Wengi hawapendi kuchuchumaa wakielekea kibla wala kukipa mgongo. Dar na Zanzibar kibla ni kaskazini karibu kamili, kwahiyo sinki za choo zilazwe mashariki magharibi. Mwambie fundi kabla hajaweka sleb, ukimwambia baada atakuomba hela nyingine. Pwani pia watu wanachamba kwa maji, Muislamu na asiye Muislamu, kwahiyo bomba au ndoo na kopo ziwe ndani ya kila chumba sio nje.

Sehemu ya kunawia ikae wapi?

Njiani. Mtoto akitoka chooni kurudi darasani aigonge, isiwe nyuma ya jengo ambako lazima akumbuke. Bomba liwe kwa urefu wa mtoto, mawili ya chini kwa wadogo. Kama hakuna bomba, kibuyu chirizi, yani kidumu cha maji kinachoinamishwa kwa kamba na mguu, kinafanya kazi vizuri tu, tatizo lake ni mtu wa kujaza. Maji ya kunawa yaende kwenye kishimo cha kokoto au kwenye migomba, yasitengeneze tope mlangoni.

Maji ya bati msiyaache. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ya paa ni lita 1, kwahiyo paa la mita mraba 150 mvua ya milimita 10 inakupa lita 1,500 ukiondoa zinazopotea. Choo cha kumwagia kinatumia lita 2 mpaka 3 kwa mtu. Choo kikikaa karibu na darasa, gata la darasa na simtanki vinakihudumia. Kikiwa kule vichakani mtoto anabeba ndoo.

Walimu wachangie na wanafunzi?

Hapana. Tundu la walimu wa kike na la walimu wa kiume, karibu na ofisi. Tusizungushane hapa.

Shimo likijaa?

Hili liulizwe kabla halijachimbwa. Gari la kunyonya maji taka litapita wapi? Kama geti ni la pikipiki au kuna mfereji katikati, shimo likijaa hakuna cha kufanya isipokuwa kuchimba lingine, na eneo la shule halikui. Acheni njia ya gari upande wa nyuma wa choo, mfuniko wa kunyonyea uwe nje ya jengo. Vijijini ambako gari halifiki, jengeni mashimo mawili, moja linatumika moja limefungwa, likikaa miaka miwili lililofungwa linageuka kama udongo na linatolewa kwa koleo. Ila hapo muweke daftari la tarehe, maana mwalimu mkuu akihamishwa kumbukumbu inaondoka naye.

Nani anaamua mwishoni? Mhandisi wa halmashauri au kamati?

Mhandisi anasaini, bwana afya wa kata anakagua, lakini kamati na wanafunzi ndo wanaoijua ardhi. Njia tunayoipenda: chukueni karatasi kubwa mchore eneo lote, visima, njia za maji ya mvua, miti, upepo, mashimo ya zamani, jiko. Halafu nendeni uwanjani mpigilie vigingi na kamba pale choo kitakapokaa, ziacheni wiki moja, mvua ikinyesha ndo vizuri zaidi. Watoto watembee kutoka kila darasa mpaka pale. Kuhamisha kamba ni dakika tano. Mkandarasi, au fundi wa fosi akaunti, yani mliyemwajiri wenyewe bila mkandarasi, akishamwaga zege hamtahamisha tena.

Choo cha zamani kimetitia, tunaweza kujenga kipya palepale?

Juu ya shimo la zamani hapana, hata kama linaonekana limejaa na kukauka. Linaendelea kushuka miaka mingi na jengo litapasuka. Sogeeni, shimo jipya liache mita kadhaa kutoka kwenye lile. La zamani lijazwe udongo mpaka liwe kama kichuguu kwa sababu litashuka, liwekewe uzio, mpande mgomba au mti, na lichorwe kwenye ile karatasi na tarehe. Mbao na magogo ya zamani yaliyokuwa yamefunika tundu yatoeni kabla ya kujaza, msiyaache chini ya udongo, yakioza panabaki uwazi na hapo ndo watoto wanachezea mpira.